AC ya Kisumu, maji moto ya Nakuru: ukarabati, ubadilishe au utafute njia nyingine?

Anayeuliza gharama ya kubadilisha mitambo ya joto na baridi nyumbani huwa anauliza mojawapo ya maswali mawili, kutegemea anakoishi. Wa Kisumu ana AC iliyoanza kudondosha maji ukutani na kutoa hewa vuguvugu. Wa Nakuru ana shawa inayokata maji moto katikati ya sabuni, na sebule isiyokalika usiku wa Julai. Kisumu iko karibu mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, Nakuru karibu 1,850. Mita hizo 700 zinatosha kuifanya mashine inayofaa mji mmoja iwe upotevu wa pesa katika mji wa pili.

Ndugu zetu walioko Marekani wakisema wamebadilisha mtambo wa nyumba, wanamaanisha tanuru, kiyoyozi na njia za bati zinazopeleka hewa kila chumba. Ni kazi ya maelfu ya dola, na huwezi kuifanya chumba kimoja kimoja. Nyumba zetu hazina njia hizo, na hiyo ni nafuu, kwa sababu tunaweza kubadilisha chumba kimoja na kukiacha kingine. Nimeona watu wakiitupa nafuu hiyo kwa kutaka AC kila chumba, hata cha wageni wanaokuja Krismasi.

Bei ninazotaja hapa ni za kukadiria, za maduka ya mjini na mafundi wa kawaida. Stima nimeihesabu kwa Sh 30 kwa uniti, kodi na tozo zote ndani. Kama unataka yako hasa, chukua ujumbe wa tokeni wa mwisho, gawa pesa ulizolipa kwa uniti ulizopewa.

Kisumu: kabla ya kununua, soma kibandiko cha mashine uliyonayo

Toka nje uangalie kipande cha nje cha AC. Pembeni kuna kibandiko chenye jina la gesi: R-22, R-410A au R-32. Jibu la kukarabati au kubadilisha linaanzia hapo.

R-22 ndiyo gesi ya mashine za zamani. Chini ya Itifaki ya Montreal inaondolewa sokoni kwa sababu inaharibu tabaka la ozoni. Nchi zinazoendelea, Kenya ikiwemo, zilipewa ratiba ya kupunguza kundi hilo la gesi kwa asilimia 10 kufikia 2015, asilimia 35 kufikia 2020, asilimia 67.5 kufikia 2025 na asilimia 97.5 kufikia 2030, kisha kinachobaki kitumike kuhudumia mashine zilizopo tu. Kwa hiyo anayejaza R-22 leo anajaza kitu kitakachozidi kuadimika kila mwaka.

Kuna mafundi wanaosema watakuwekea R-410A ndani ya mashine ya R-22 ili kukuokolea pesa. Usikubali. R-410A hufanya kazi kwa shinikizo lililo juu kwa karibu asilimia 60, na mafuta ya kompresa yake ni ya aina nyingine. Kompresa haitadumu, na mabomba yanaweza kupasuka.

Hata hivyo, AC ya zamani si lazima itupwe. Inayodondosha maji ndani mara nyingi ina bomba la maji lililoziba uchafu tu, kazi ya fundi ya nusu saa. Inayopuliza hewa kidogo inaweza kuwa na kichujio kilichojaa vumbi. Kisumu kuna jambo jingine ambalo vitabu vya maelekezo havilitaji: vijidudu vya ziwani, vile vinavyopanda juu ya maji kama nguzo za moshi na kufuata taa jioni. Vikiingia kwenye mapezi ya kipande cha nje, vinakaa humo na kukauka, na mashine inashindwa kutoa joto nje. Ukiwa Dunga, Milimani au popote karibu na ufuo, osha kipande cha nje kwa maji ya bomba yasiyo na nguvu kali, stima ikiwa imezimwa, kabla hujamwita mtu yeyote. Kichujio cha ndani unakiosha mwenyewe kila wiki mbili.

Pesa nyingi hupotea kwenye gesi. Fundi anapima, anatikisa kichwa: "Mama, hii imeisha gesi tu. Nikujazie uendelee." Unalipa Sh 5,000 au 6,000, nyumba inapoa, na baada ya miezi michache mmerudi palepale. Gesi ya AC haitumiki ikaisha kama ya kupikia. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, na kama imepungua, basi kuna mahali inavuja. Fundi wa kweli anatafuta mvujo kwanza (povu la sabuni kwenye maungio linatosha mara nyingi), anauziba, anafyonza hewa na unyevu wote kwa pampu maalumu, ndipo anajaza gesi kwa kupima uzito. Muulize kabla hajapanda ngazi kama amebeba pampu ya kufyonza. Akijibu kwamba si lazima, mpe nauli arudi.

Mpaka wangu ni huu. Mvujo ukiwa kwenye maungio na mashine ni ya R-410A au R-32, karabati bila kusita. Mvujo ukiwa kwenye maungio na mashine ni ya R-22, karabati mara moja, ya mwisho, huku ukiweka akiba. Kompresa ikifa kwenye mashine ya R-22, usiinunulie nyingine. Kompresa na kazi vinaweza kufika Sh 30,000, na utakuwa umeweka moyo mpya ndani ya mwili uliokwisha kuzeeka.

AC ya kawaida au ya inveta?

Tuseme umeamua kununua. Kwa chumba cha mita 4 kwa 4, chenye dari, BTU (kipimo cha nguvu ya kupoza) 9,000 hadi 12,000 zinatosha. Kanuni ya haraka ni BTU 600 kwa kila mita ya mraba, uongeze kidogo kama chumba hakina dari au ukuta wake unapigwa na jua la saa kumi kutoka upande wa ziwa. Usiruhusu muuzaji akuongezee hadi 18,000 "ili ipoe haraka." Mashine kubwa kupita kiasi hupoza hewa kwa dakika chache na kuzima kabla haijatoa unyevu. Kisumu ina unyevu mwingi, kwa hiyo utabaki na chumba chenye baridi inayonata.

AC ya kawaida ya BTU 12,000 inapatikana kwa karibu Sh 50,000, ya inveta kwa karibu Sh 70,000. Ufungaji wa zote mbili ni uleule: vishikizo vya ukutani, bomba la shaba, waya, swichi yake ya kujitegemea na kazi ya fundi, jumla kama Sh 15,000. Aghalabu boksi huja na bomba la mita 3 hivi, na kila mita ya ziada hutozwa kivyake. Ndiyo maana mahali pa kuweka kipande cha nje ni jambo la pesa na pia la ufanisi. Kiweke karibu na cha ndani, kivulini, pasipo ukuta mbele yake. Mabomba ya zamani ya R-22 usiyarithi, hata fundi akisema bado ni mazima. Yana mabaki ya mafuta ya zamani, na huenda hayakutengenezwa kwa shinikizo la gesi mpya.

Tofauti ya mashine hizi iko kwenye kompresa. Ya kawaida ina hali mbili, imewaka kwa nguvu zote au imezima. Ya inveta inapunguza mwendo chumba kikishapoa na kuendelea polepole. Ya kawaida inakula karibu kilowati 1.1 ikiwaka, na mchana wa Kisumu kompresa yake inaweza kuwaka kama asilimia 70 ya muda. Kwa saa 8 kwa siku, hiyo ni uniti 6 na ushee, karibu uniti 185 kwa mwezi, au Sh 5,500. Ya inveta katika chumba hichohicho inaweza kuwa na wastani wa nusu kilowati: uniti 4 kwa siku, 120 kwa mwezi, Sh 3,600. Unaokoa karibu Sh 1,900 kila mwezi, na zile Sh 20,000 za ziada zimerudi kabla ya mwaka kuisha.

Wauzaji wanaishia hapo. Sasa badilisha saa. Mtu anayefanya kazi mjini, anarudi jioni na kuwasha AC saa 2 tu kwa siku, tena miezi mitatu ya joto kali kuanzia Januari, anaokoa chini ya Sh 1,500 kwa mwaka. Kwake Sh 20,000 zitachukua karibu miaka 14 kurudi, na hakuna bodi ya inveta ninayoitarajia kufika huko ikiwa salama. Tena inveta ikiwashwa kwa muda mfupi inafanya kazi kwa nguvu zote karibu muda wote huo, kwa hiyo hata akiba hiyo ndogo inapungua.

Bodi yenyewe inastahili neno lake. Bonde la Ziwa Victoria lina ngurumo na radi nyingi, na stima ya jioni huyumba. AC ya kawaida ina vipande vichache vya kuungua, na fundi yeyote wa mtaani anavijua. Bodi ya inveta ikiungua, kuinunua kunaweza kukaribia nusu ya bei ya mashine, na utaisubiri itoke Nairobi. Anayenunua inveta bila kifaa cha kulinda volteji, kile kinachokata stima ikipanda au kushuka na kuchelewesha kuirudisha, amefanya nusu ya ununuzi. Mvua ya radi ikianza kukusanyika juu ya milima ya Nandi, zima kwenye swichi ya ukutani. Rimoti haikatizi stima inayoingia.

Dukani angalia pia lebo ya nyota ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati na petroli. Nyota nyingi zinamaanisha stima kidogo kwa baridi ileile. Linganisha nyota kwa nyota kabla ya kulinganisha rangi na chapa, kwa sababu kuna mashine zenye neno la inveta kubwa kwenye boksi na nyota chache kwenye lebo.

Feni, paa na dirisha

Muuzaji wa AC hawezi kukwambia kwamba Kisumu si Mombasa. Mombasa usiku joto linabaki kwenye nyuzi 23 au 25, mwili haupumziki. Kisumu mchana hufika 29 au 30, lakini usiku wa manane hushuka hadi 17 au 18. Hewa ya kupoza nyumba ipo nje bure kila usiku. Kinachoizuia kuingia ni madirisha yaliyofungwa kwa hofu ya mbu na wezi, na kinachoipiga vita ni mabati yaliyokunywa jua mchana kutwa.

Nyumba yenye mabati bila dari, ya aina zilizojaa Manyatta na Nyalenda na hata baadhi ya nyumba mpya za Mamboleo, inakupika kutoka juu. Ukifunga AC ndani yake, unalipa stima kupoza mabati. Foili ya kuakisi joto chini ya mabati, nafasi ya hewa, kisha dari: kwa chumba kimoja cha mita 16 za mraba kazi nzima inaweza kuwa Sh 20,000 hadi 35,000, kutegemea dari unayochagua, na haina tokeni. Ongeza wavu wa mbu kwenye dirisha linaloelekea upepo na jingine upande wa pili, pamoja na feni ya dari. Feni ya wati 75 kwa saa 8 ni uniti 18 kwa mwezi, Sh 540. Feni haipozi hewa, inapoza mtu. Ukitoka chumbani, izime.

| Chaguo, chumba kimoja | Kununua na kufunga | Stima kwa mwezi, saa 8 kwa siku |
|---|---|---|
| Kukarabati AC ya R-22 | Sh 5,000 hadi 30,000 | Sh 5,500 au zaidi |
| AC mpya ya kawaida, BTU 12,000 | karibu Sh 65,000 | Sh 5,500 |
| AC mpya ya inveta, BTU 12,000 | karibu Sh 85,000 | Sh 3,600 |
| Feni ya dari | karibu Sh 8,000 | Sh 540 |
| Foili na dari | Sh 20,000 hadi 35,000 | hakuna |

Safu ya tatu ina mtego. Mapitio ya bei ya stima ya 2023 yaligawa wateja wa nyumbani katika madaraja matatu: hadi uniti 30 kwa mwezi, kati ya 30 na 100, na wanaovuka 100. Daraja lako huangaliwa kwa wastani wa miezi mitatu. Nyumba iliyokuwa ikitumia uniti 80, ikiongeza AC ya uniti 120, inapanda daraja, na zile 80 za taa, friji na runinga nazo zinapanda bei pamoja nayo. Gharama hiyo haiandikwi kwenye boksi la AC. Feni na dari hazikuvushi.

Kwa familia nyingi za Kisumu, basi, ningeanza na paa na feni, nikae nazo msimu mmoja wa Januari hadi Machi, ndipo niamue. Isipokuwa kama nyumbani kuna mtu anayeshinda ndani mchana: mzee mwenye presha, mgonjwa, au anayefanya kazi kwa kompyuta kuanzia asubuhi. Huyo saa zake zinahalalisha inveta, katika chumba chake tu, na mlango ufungwe.

Kuna vitu viwili ambavyo havistahili hata safu kwenye jedwali. AC ya magurudumu, yenye bomba moja la kutoa joto dirishani, inauzwa kwa bei ya AC ya ukutani na inafyonza hewa ya chumba na kuitupa nje, ili hewa ya moto iingie kupitia kila ufa. Mpangaji ambaye mwenye nyumba amemkataza kutoboa ukuta anaweza kulazimika, mwingine asiinunue. Cha pili ni feni ya maji, ile ya kumimina maji na barafu. Lodwar inafanya kazi vizuri kwa sababu hewa ni kavu na maji hukauka upesi. Kisumu hewa ina unyevu mwingi tayari, kwa hiyo utaongeza jasho na kulipa kwa ajili yake.

Nakuru: pesa ziende kwenye maji kwanza

Nakuru hakuna haja ya AC ya kupoza. Julai usiku joto linashuka hadi nyuzi 9 au 10, na maji ya tangi la juu ya nyumba asubuhi yanauma. Hapa mzigo mkubwa wa stima ni kuoga.

Shawa ya umeme ya papo hapo ndiyo inayotumika katika nyumba nyingi za Section 58, Kiamunyi na Lanet, kwa sababu ni rahisi kununua: Sh 3,500 hadi 6,000. Inakula karibu kilowati 5.5. Kuinua maji kutoka nyuzi 18 hadi 38, nguvu hiyo inamudu lita 4 tu kwa dakika. Ndiyo maana ukifungua maji mengi yanapoa. Kifaa hakijaharibika, kimefika mwisho wa uwezo wake, na kununua kingine cha aina hiyohiyo hakutabadilisha kitu.

Kuoga kwa dakika 8 ni uniti 0.7 na kidogo, karibu Sh 22. Familia ya watu watano wanaooga mara moja kwa siku inatumia uniti 110 kwa mwezi, Sh 3,300, na hizo peke yake zimeshavuka ile 100 ya daraja la juu.

Hita ya tangi, ya lita 50, inauzwa Sh 15,000 hadi 25,000. Watu huinunua wakidhani inaokoa stima. Haiokoi. Kupasha lita moja ya maji kunahitaji nishati ileile iwe kwenye shawa au kwenye tangi, na tangi linaongeza hasara ya joto linalotoka likiwa limekaa. Faida yake ni nyingine: maji yanatoka kwa nguvu, yanafika bafuni na jikoni, na waya wake ni mwembamba zaidi kwa sababu inakula kilowati 1.5 au 2. Kwenye nyumba ya zamani yenye waya wa milimita 2.5 hadi bafuni, hiyo si faida ndogo. Shawa ya kilowati 5.5 inavuta ampea 23, na waya huo si wake. Ukisikia harufu ya plastiki ukioga, funga maji, zima kwenye swichi kuu, mwite fundi aliyesajiliwa aweke waya mnene zaidi kutoka kwenye boksi la swichi.

Hita ya maji ya sola ya lita 200, pamoja na ufungaji, ni karibu Sh 130,000. Ikikupa asilimia 80 ya maji ya ile familia ya watano, inaokoa kama Sh 2,600 kwa mwezi, na imejilipa kwa miaka 4 na kidogo. Kwa mume na mke peke yao, akiba inashuka hadi karibu Sh 1,050, na kujilipa kunapita miaka 10. Kwa hiyo wenye watoto nyumbani na wenye nyumba yao wenyewe wanunue. Wawili wanaopanga wabaki na shawa, wabadilishe waya tu.

Kabla ya kulipa sola, kagua maji yako. Mitaa inayotegemea visima vya Bonde la Ufa mara nyingi hupata maji yenye chumvi nyingi, na chumvi hiyo huganda ndani ya mirija ya kioo na kwenye kipashio hadi sola inapasha nusu ya maji. Kwa maji hayo tafuta sola isiyopitisha maji ya kuoga moja kwa moja kwenye mirija. Ni ghali zaidi, lakini ya bei nafuu utaibadilisha mapema. Hata shawa za umeme kuna za maji ya chumvi, uliza kwa jina hilo dukani. Kagua pia tangi la maji baridi: sola nyingi za bei ya kati zinataka tangi liwe juu yake ili maji yaingie yenyewe. Kama tangi lako liko chini ya paa, kuna mnara wa chuma wa kuongezwa kwenye bajeti.

Sola nyingi huwa na kipashio cha stima cha akiba kwa siku za mawingu, na Julai Nakuru ina mawingu. Kiunganishe na swichi ya saa, kiwake saa kumi na moja alfajiri kwa saa moja. Kikiachwa wazi usiku kucha, kinapasha tangi lote kwa stima kabla jua halijatoka, na sola inakuwa pambo la paa.

Kuhusu kupasha sebule, nitasema kwa kifupi kuliko wauzaji wangependa. Hita ya stima ya feni na ile ya stima iliyojazwa mafuta ndani, za kilowati 2 kila moja, zinatoa joto sawa kwa stima sawa. Ya mafuta ni kimya na inakaa na joto ikizimwa, lakini si kweli kwamba inakula kidogo. Saa 3 kila jioni ni uniti 6, Sh 180, au Sh 5,400 kwa mwezi. Hita ya gesi inashinda hapo: mtungi wa kilo 13 una nishati ya karibu uniti 166, na ukinunuliwa kwa Sh 3,200 joto lake ni kama Sh 19 kwa uniti. Lakini inatumia hewa ya chumba na kutoa mvuke, kwa hiyo dirisha liachwe wazi kidogo na isiwake mkiwa mmelala. Jiko la makaa halilinganishwi na chochote, kwa sababu halipaswi kuingia chumbani. Kaboni monoksidi haina harufu na haikuamshi.

Bora kwa stima ni AC inayoweza kugeuza mzunguko wake na kupasha badala ya kupoza. Inachukua joto kutoka hewa ya nje na kulihamishia ndani, na kwa baridi ya Nakuru, isiyofika kwenye barafu, inaweza kutoa uniti 3 za joto kwa kila uniti moja ya stima. Zile Sh 5,400 zinakuwa karibu Sh 1,800. Kwa miezi mitatu ya baridi hiyo ni akiba ya karibu Sh 10,800 kwa mwaka, dhidi ya mashine na ufungaji wa Sh 85,000. Sebule ya jioni peke yake haiilipi. Nyumba yenye mtoto mchanga au mzee anayeshinda ndani mchana na usiku inaweza kuilipa kwa misimu michache, mradi kuna dari juu na mapengo chini ya milango yamezibwa, maana mabati yasiyo na dari yanatupa joto angani usiku kucha. Ukienda dukani, usikubali jibu la "inapasha pia" hadi uone uwezo wa kupasha umeandikwa kwenye kibandiko karibu na ule wa kupoza. AC nyingi zinazouzwa nchini ni za kupoza tu.